Mkono Unaosoma Ngozi

Tabibu wa ngozi anayeijua kazi yake haanzi kwa kukuuliza unaumwa wapi. Anakupa kiti karibu na dirisha, anakuomba uvue kofia, kisha anatazama. Tochi anayo mfukoni, ila anaupenda zaidi mwanga unaoingia ubavuni, maana mwanga huo hukifanya kila kilichoinuka kitupe kivuli, hata kama hakijafika milimita moja. Anaanzia utosini, akigawa nywele kwa vidole. Anashuka kwenye paji la uso, kope, pembe ya ndani ya jicho, mikunjo ya pua, midomo, masikio mbele na nyuma, shingo mpaka mabegani. Baada ya hapo ndipo anauliza: hiki kina muda gani? Kimewahi kutoa damu? Kilikauka kikarudi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa matunda. Saratani ya seli za msingi ina tabia ya kudanganya. Inachubuka, inatoa tone la damu mtu anapojifuta jasho, inafunga kigaga, kigaga kinaanguka, mwenyewe anamshukuru Mungu kwamba amepona. Wiki chache baadaye inachubuka tena palepale. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa miaka kadhaa bila maumivu ya maana, na kisichouma hakimfikishi mtu hospitalini, hasa kama nauli ni ya kutafuta.

Nimeyafikiria haya yote nikiwa na Nambambo akilini, kule wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi, kwa sababu saratani hii huletwa na jua, na jua la upande ule lina hesabu yake. Nachingwea iko kwenye nyuzi 10 na kidogo kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita wima juu ya vichwa vya watu mara mbili kwa mwaka: Februari, ambapo mawingu ya mvua husaidia kidogo, na Oktoba, ambapo anga huwa jeupe na hakuna wingu la kumwonea mtu huruma. Oktoba ndiyo korosho zinaanguka. Kwa bahati nzuri korosho huokotwa chini ya mti, na mkorosho una kivuli kizito. Ufuta hauna ukarimu huo. Huvunwa shambani peupe, hufungwa matita na kusimamishwa juani, na anayeukata husimama juani pamoja nao. Mbaazi nazo ni hivyohivyo. Mtu mwenye ualbino anayelima Nachingwea au Ruangwa anaweza kuwa na ngozi ya aina moja au nyingine kulingana na zao analolitegemea. Na tusisahau kwamba Nachingwea ndiyo Waingereza waliyoichagua, pamoja na Kongwa na Urambo, kwa ule mradi wao wa karanga ulioanza 1947. Walifyeka miti kwa matrekta makubwa, karanga hazikulipa, na miaka michache baadaye mradi ukaachwa. Kivuli kilichofyekwa hakikurudi siku ile ile.

Hata hivyo mkoa wa Lindi una jambo la kujivunia: mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha jimbo nchini. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 16,000 wenye ualbino Tanzania. Magazeti yalituzoesha kusoma habari zao kwa upande wa mauaji ya mapanga na waganga wapiga ramli, na uovu ule ulistahili kupigiwa kelele. Ila jua linaua wengi zaidi, linaua polepole, na halipelekwi mahakamani.

Sasa, tabibu anatafuta nini hasa?

Ngozi ya juu ina matabaka. Tabaka la chini kabisa ndilo linalozaa seli mpya, ambazo hupanda juu, hubapa, hufa na kupukutika. Saratani inayoanzia kwenye seli zinazofanana na zile za tabaka la chini huitwa ya seli za msingi. Inayotoka kwenye seli zilizoanza kubapa huitwa ya seli bapa. Ya kwanza ni mvivu wa kusafiri: ni nadra sana kufika kwenye mapafu au ini. Ubaya wake ni kula palepale ilipo. Daktari Arthur Jacob wa Dublin aliieleza mwaka 1827 akizungumzia kidonda cha kope ambacho kilitafuna taratibu bila kupona, na maelezo yake bado yanamfaa mgonjwa wa leo. Ya pili, ya seli bapa, ina haraka zaidi, na ikiachwa huhamia kwenye tezi za shingo au kwapa.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba watu wenye ualbino barani Afrika wanasumbuliwa na ya seli bapa tu, na ile nyingine ni ya Wazungu. Mwaka 2014 Samson Kiprono na wenzake walichapisha matokeo ya kupitia vipimo vya nyama vya miaka 10 vilivyohifadhiwa Moshi, vya wagonjwa wenye ualbino. Seli bapa ziliongoza, lakini kwa kiasi kidogo; karibu nusu ya saratani zilikuwa za seli za msingi. Zaidi ya nusu ya vidonda vyote vilikuwa kichwani na shingoni. Kwa tabibu anayeshika sikio la mtu, habari hiyo ina maana moja: asikimbilie jina kabla hajaangalia.

Ukitaka kuuona ufundi wenyewe, mtazame anapoivuta ngozi. Anaweka kidole gumba upande huu wa kipele na cha shahada upande ule, kisha anavuta taratibu. Kama ni saratani ya seli za msingi ya aina ya kinundu, ngozi ikikazwa ukingo wake hujitokeza: mwembamba, ulioviringika, unaong'aa kwa weupe wa maziwa, na juu yake vimishipa vyekundu vinatambaa kuelekea katikati. Katikati pamedidimia au pana kigaga. Akiona kigaga kinaziba, hakibandui kwa kucha. Anakilowesha kwa pamba yenye maji mpaka kiachie chenyewe. Halafu anapitisha ncha ya kidole kwenye paji la uso na migongo ya mikono akiwa ameangalia pembeni, kwa kuwa zile alama za awali zilizoletwa na jua, ambazo bado si saratani ila ziko njiani, hugundulika kwa kugusa kabla ya kuonekana: ngozi inakwaruza kama msasa. Nadhani hapa ndipo kazi hii inaponishangaza zaidi. Macho yanatafuta aina moja ya hatari, kidole kinatafuta nyingine, na mgonjwa anadhani anapapaswa tu.

Kinundu kinachong'aa ndicho chenye kujulikana, lakini ndugu zake hawafanani naye. Mgongoni au kifuani saratani hiyohiyo hupenda kujitandaza: baka jekundu, bapa, lenye magamba mepesi, ambalo kila mtu ataapa kuwa ni fangasi au ukurutu. Mgonjwa hupewa krimu, hupaka mwezi, hupaka mwaka. Tabibu mzuri hulitambua kwa jambo dogo. Fangasi huwasha na kutanuka haraka, na ukurutu huja na kuondoka. Hili halina haraka na haliondoki. Halafu kuna aina inayofanana na kovu, nyeupe, ngumu, isiyo na mpaka. Huyo ndiye wa kuogopwa, hasa kando ya pua, kwa sababu juu ya ngozi unaona sentimita moja na chini yake ameshatembea mara mbili ya hapo.

Na kuna nyeusi. Mzee wa Kimwera asiye na ualbino, mwenye ngozi yake nyeusi ya kuzaliwa, hana sababu kubwa ya kuiogopa saratani hii, lakini si kwamba hawezi kuipata. Kwake huja uzeeni, aghalabu usoni, na huja ikiwa na rangi: kinundu cheusi kinachong'aa, ambacho familia nzima wanakijua kama baka la uzee au chunjua. Ule wekundu wa vimishipa unaotajwa vitabuni hauonekani, kwa kuwa vitabu vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi ya Wazungu. Tabibu aliyefundishwa kwa picha za Ulaya pekee atapita.

Hata miongoni mwa wenye ualbino hatari haigawanywi sawa. Wapo ambao jua huwaachia madoadoa makubwa ya kahawia mabegani na usoni, na wapo ambao ngozi haitoi doa hata moja. Jennifer Kromberg na wenzake waliwachunguza watu wenye ualbino Johannesburg na kueleza mwaka 1989 kwamba wale wasioota madoa ndio waliopata saratani zaidi. Kwa hiyo tabibu akimwona kijana wa miaka 20 mwenye ngozi isiyo na doa na nywele nyeupe kabisa, anamwita mapema zaidi kuliko nduguye wa tumbo moja mwenye madoa, ingawa wote wawili ni wateja wa jua lile lile. Kwa asiye na ualbino tunazungumzia uzee. Kwa huyu tunazungumzia umri wa kuoa na kulea.

Mahali pa mwili napo pana siri zake, na baadhi hazijapata maelezo ya kuridhisha mpaka leo. Mgongo wa mkono hupigwa na jua kutwa nzima, jembe likiwa juu na likiwa chini. Saratani ya seli bapa hupapenda sana pale. Ya seli za msingi hupakwepa, ikapendelea pua, kope na pembeni mwa sikio. Huenda ni kwa sababu uso una vinyweleo na tezi nyingi za mafuta, na saratani hii ina udugu na kinyweleo. Midomo ndiyo inayonifurahisha: kidonda sugu kwenye mdomo wa chini, shuku seli bapa; kwenye ngozi ya mdomo wa juu, shuku seli za msingi. Mambo hayo mawili yametengwa na upana wa kidole, na matabibu wazee huwafundisha vijana kanuni hiyo mapema.

Tuseme basi bibi mmoja amefika kutoka kijijini, hana ualbino, na tabibu ni kijana wa umri wa wajukuu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa na huu mguu."

"Pole, bibi. Mguu nitauona. Naomba kwanza nikushike sikio."

"Sikio halina neno. Mguu ndio wenye neno."

Na kweli, mguu ndio wenye neno: kidonda juu ya kovu la moto wa utotoni, kimefunguka mwaka wa pili huu, kingo zimevimba na kuwa ngumu. Kwa watu weusi wasio na ualbino, saratani ya seli bapa mara nyingi haisubiri jua. Huota kwenye makovu ya moto na vidonda sugu vya miguuni. Kijana analitazama sikio kwa sababu utaratibu ni utaratibu, kisha anainama kwenye mguu na kukaa hapo muda mrefu. Hajakosea kuanzia juu, wala hajampuuza bibi. Angeanza na kumaliza kwenye mguu, siku moja lingempita la nyuma ya sikio la mtu mwingine.

Kisu kina adabu zake pia. Mpasuaji huchora kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu dawa ikiingia ngozi huvimba na kupauka, na ule ukingo uliotafutwa kwa taabu unapotea. Kwa kinundu kidogo chenye mpaka unaoonekana, huacha milimita 4 za ngozi nzima kuzunguka pande zote. Mgongoni milimita 4 ni bure. Kwenye bawa la pua ni sehemu kubwa ya bawa lenyewe, na kwenye kope ni kope. Ndiyo maana saratani ya ukubwa ule ule, kwa mgonjwa yule yule, hushonwa moja kwa moja ikiwa begani, na ikiwa puani hudai ngozi ya shavuni igeuzwe na kulazwa juu ya tundu.

Kabla ya kukata anamwambia mgonjwa akunje uso, acheke, apige mluzi. Mikunjo inayojitokeza ndiyo inayomwelekeza alaze chale wapi, ili kovu lipotee ndani ya mkunjo. Chale huwa na umbo la jani, urefu mara 3 ya upana, ili ncha zisifanye nundu. Kwenye kope ya chini anaivunja kanuni ya mikunjo kwa makusudi, anahakikisha mvutano unakwenda kushoto na kulia na si chini, vinginevyo kovu likikauka litaivuta kope, na jicho litabaki wazi likichuruzika machozi. Kipande kilichotoka anakifunga uzi mmoja upande wa juu, mahali pa namba 12 kwenye uso wa saa, ili anayekitazama kwenye hadubini akisema ukingo wa namba 3 bado una ugonjwa, mpasuaji ajue arudi upande gani. Jina la mgonjwa linaandikwa kwenye kichupa, haliandikwi kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Mambo madogo, lakini mtu anayeyafuata yote kwa mgonjwa wa 30 wa siku kama alivyoyafuata kwa wa kwanza, huyo mimi namvulia kofia.

Nitrojeni ya maji ni chombo kingine. Ina ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwa zile alama za awali sekunde chache za kupuliza zinatosha. Kwa mwenye ualbino ni silaha nzuri: zinaweza kuunguzwa nyingi kwa kikao kimoja, na weupe unaobaki hauonekani. Kwa ngozi nyeusi mkono unakuwa mzito, maana seli zinazotengeneza rangi hufa kwa baridi kabla ya nyingine zote, na usoni linabaki doa jeupe la maisha. Hapo tena dawa ni moja na hukumu ni mbili. Shida ya nitrojeni ni kwamba hugeuka mvuke hata chupa ikiwa imefungwa. Gari likiharibika barabarani, kliniki inafika na chupa tupu.

Mkono wa namna hii haushuki kutoka mbinguni. Tangu 1992 pale hospitali ya KCMC, Moshi, pana Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, na busara yake kubwa ni kwamba hakikusubiri madaktari bingwa. Kiliwachukua matabibu wa kawaida na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kikawafundisha ngozi kwa miaka 2, kikawarudisha walikotoka. Palepale Moshi hutengenezwa krimu ya kuzuia jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na inayo nafasi yake, ingawa krimu bila kofia pana na mikono mirefu ni nusu ya kazi.

Moshi ni mbali na Nambambo. Hata Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambako saratani iliyokwisha kuzama hupelekwa kupigwa mionzi, ni safari ya kushuka mpaka Lindi, kufuata pwani, kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa na kuingia Dar es Salaam, halafu kutafuta pa kulala kwa wiki nyingi kwa kuwa mionzi haitolewi kwa siku moja. Tangu daraja lifunguliwe 2003 safari imekuwa fupi, lakini haijawa rahisi kwa mkulima wa mbaazi. Kwa maoni yangu, Nachingwea na Ruangwa hazihitaji kusubiri mashine za mamilioni. Kila wilaya ingepata tabibu mmoja aliyefundishwa kuvuta ngozi kwa vidole viwili, kuchora kabla ya ganzi na kuandika jina kwenye kichupa, vidonda vingi vingeishia palepale.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako au kwa jirani yuko mwenye ualbino, usisubiri kliniki ije. Mwombe akae mlangoni asubuhi, mtazame nyuma ya masikio na juu ya shingo, mahali ambapo yeye hawezi kujiona. Kidonda kilichopitisha mwezi, kinachokauka na kurudi, kisipakwe kitu; apelekwe hospitali ya wilaya na aombe kukatwa kinyama kikapimwe, na majibu yafuatwe mpaka yapatikane. Saratani ya seli za msingi ikiwa bado na upana wa milimita 5 huondolewa kwa ganzi ya sindano, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.